Fuvu la Piltdown: kughushi kulivyowanasa wataalamu kwa miaka 41

Jioni ya tarehe 18 Desemba 1912, ukumbi wa Jumuiya ya Jiolojia jijini London ulifurika watu. Mezani palikuwa na vipande vya fuvu vilivyokolea rangi ya kahawia, nusu ya taya la chini lenye magego mawili, mawe ya gumegume na meno ya wanyama wa kale. Waliovileta ni wawili: Charles Dawson, mwanasheria wa Sussex aliyependa kukusanya vitu vya kale, na Arthur Smith Woodward, mkuu wa idara ya jiolojia katika Jumba la Makumbusho ya Asilia. Walisema vyote vimechimbuliwa kwenye changarawe za Piltdown, kusini mwa Uingereza, na kwamba ni mabaki ya kiumbe aliyeishi laki kadhaa za miaka iliyopita, mwenye kichwa cha mtu na taya la sokwe. Wakampa jina la kisayansi Eoanthropus dawsoni, yaani mtu wa alfajiri wa Dawson.

Kiumbe huyo hakuwahi kuwepo. Fuvu lilikuwa la binadamu wa zama za kati, na taya lilikuwa la orangutani, mnyama wa jamii ya sokwe. Kuna mtu aliyeivunja mifupa hiyo, akaipiga tupa, akaitia rangi na kuifukia. Uongo huo ulitangazwa hadharani Novemba 1953, wakati wengi wa waliokuwa ukumbini jioni ile walikwisha kufariki.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kusaka mhalifu: nani alifanya? Swali hilo nitalifikia, lakini kwangu si ndilo lenye uzito. Ushahidi wa Piltdown umehifadhiwa karibu wote, kuanzia mifupa hadi barua na kumbukumbu za mikutano, kwa hiyo tunaweza kuufuata uongo hatua kwa hatua. Ukiufuata hivyo, unaona kwamba aliyeghushi hakumaliza kazi siku alipofukia mfupa wa kwanza. Aliendelea kuwasikiliza wenye shaka, na kila walipouliza kitu, akawatengenezea.

Kazi ya mikono

Tuanze na taya, maana hapo ndipo ujuzi ulipo. Taya la sokwe na la binadamu hutofautiana waziwazi mahali pawili: kwenye kifundo kinachokaa katika tundu la fuvu mbele ya sikio, na sehemu ya mbele, penye kidevu. Katika taya la Piltdown, mahali pote pawili palivunjika na vipande vyake havikupatikana. Kama kifundo kingekuwepo, mwanafunzi yeyote wa anatomia angelijaribisha taya kwenye fuvu akaona haviingiliani. Kwa kuwa hakikuwepo, kila mtaalamu alijaza pengo kwa makisio yake.

Yalibaki magego mawili. Binadamu hutafuna kwa kusogeza taya kushoto na kulia, ndiyo maana magego yake husagika hadi kuwa bapa. Sokwe ana chonge ndefu zinazozuia mwendo huo. Kwa hiyo magego yale yalipigwa tupa mpaka yakawa bapa kama ya mtu. Kazi hiyo haikufanywa kwa uangalifu sana. Mikwaruzo ya tupa ilibaki, na nyuso za magego mawili yaliyopakana hazikulala katika mlalo mmoja, jambo lisilowezekana kwa meno yaliyotafuna pamoja maisha yao yote. Vitu hivyo viwili vilionekana wazi tangu 1912. Vilihitaji lenzi tu, na mtu wa kuiweka hapo.

Rangi ya kahawia ilitokana na kuichovya mifupa katika mchanganyiko wenye chuma, ili ifanane na changarawe. Baadhi ilikuwa na kromiamu pia. Hili lina hila yake. Dawson alikuwa amesema wazi kwamba vipande vya kwanza vya fuvu alivichovya katika dikromati ya potasiamu akidhani vitakuwa vigumu zaidi, na watu walimsikia bila kuona ubaya. Lakini taya lilipatikana baadaye, Smith Woodward akiwapo, wala hakuna aliyesema limechovywa. Miaka ya hamsini kromiamu ilipokutwa ndani ya taya, haikuwa na maelezo ya heri.

Halafu kulikuwa na wanyama. Meno ya tembo wa kale, kiboko na wengineo yalifukiwa humo ili kuipa mifupa umri, kwa kuwa siku hizo tabaka la ardhi lilikadiriwa umri kwa wanyama waliomo. Jino moja la tembo lilikuja kupimwa na kukutwa na mionzi mingi kuliko visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) vyovyote vya Uingereza. Huenda lilitoka Tunisia. Kwa maneno mengine, hakughushi mtu wa kale peke yake, alighushi na ardhi yote iliyomzunguka. Ninaona hiyo ndiyo sehemu iliyowazidi wataalamu nguvu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mazoea ya kulitilia shaka shimo.

Walichokuwa wakingoja

Ujerumani ilikuwa na mifupa ya Neanderthal, jamii ya watu wa kale, tangu 1856, na taya la Mauer, karibu na Heidelberg, tangu 1907. Ufaransa ilipata mifupa ya La Chapelle-aux-Saints mwaka 1908. Uingereza, nchi ya Darwin, ilikuwa na zana za mawe bila mtu aliyezichonga. Fahari ya taifa ilihusika, na wanaokanusha hilo hawajasoma magazeti ya wakati ule.

Hata hivyo fahari peke yake haitoshi kueleza miaka 41. Kulikuwa na nadharia. Wataalamu wengi wa anatomia London, akiwemo Arthur Keith na Grafton Elliot Smith, waliamini kwamba ubongo ulitangulia: babu zetu walianza kuwa na kichwa kikubwa, kisha mengine yakafuata. Nadharia hiyo ilitabiri kiumbe mwenye bongo la mtu na mdomo wa sokwe. Mwaka 1912 akaja kiumbe mwenye bongo la mtu na mdomo wa sokwe.

Walibishana, tena kwa ukali. Smith Woodward aliunganisha vipande na kupata ujazo wa ubongo wa takribani sentimita za ujazo 1,070. Keith akaviunganisha upya akapata 1,500. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi watu husema wanasayansi wale walikuwa wavivu au walinyamaza. Hawakunyamaza. Walibishana miaka mingi juu ya ukubwa wa kichwa, na ubishi huo ukawapa hisia kwamba kisukuku chenyewe kimekwisha kuchunguzwa vya kutosha.

Kila shaka ikapata jibu lake

Mwaka 1913 David Waterston wa King's College London aliandika waziwazi: taya hili ni la sokwe, fuvu hili ni la mtu, na kuviunganisha ni kosa. Alikuwa sahihi kabisa. Mmarekani Gerrit Miller alifika karibu na hapo mwaka 1915, baada ya kulinganisha nakala za mifupa na mataya ya sokwe wengi. Hawakudai kwamba kuna aliyeghushi. Walidhani viumbe wawili tofauti wamekutana shimoni kwa bahati.

Tazama basi kilichotokea. Wenye shaka walisema: tungeliona jino la chonge tungejua. Smith Woodward alikuwa amekwisha kutengeneza sanamu ya taya ikiwa na chonge ya kukisia. Tarehe 30 Agosti 1913, kasisi kijana wa Kijesuiti aliyekuwa akichimba nao, Pierre Teilhard de Chardin, aliokota chonge kwenye changarawe zilezile, na ilikaribiana mno na ile ya kukisia. Watu walishangilia utabiri uliotimia.

Mwaka uliofuata ulitoka mfupa wa paja la tembo uliochongwa umbo linalofanana na gongo la kriketi. Ilikuja kuonekana kwamba umechongwa kwa kisu cha chuma.

Hoja ya Waterston ilibaki: labda ni bahati mbaya ya viumbe wawili kuangukia shimo moja. Dhidi ya bahati, dawa ni kurudia. Mwaka 1915 Dawson akamwarifu Smith Woodward kwamba amepata vipande vingine, mahali pengine, kilomita chache kutoka shimo la kwanza: mfupa wa kichwa cha mtu na gego la namna ileile. Mahali penyewe hakupataja kwa uhakika. Smith Woodward alivitangaza mwaka 1917, Dawson akiwa amefariki. Bahati ya namna hiyo mara mbili haiwezekani, watu wakasema, na hoja yao ilikuwa nzuri. Henry Fairfield Osborn, mkuu wa makumbusho ya asilia ya New York, alikuwa na shaka hadi alipoiona mifupa ya mahali pa pili mwaka 1921. Akasadiki.

Mtu wa kwanza kusema kitu kimoja cha ajabu kuhusu ile chonge alikuwa daktari wa meno. Mwaka 1916 alionyesha kwamba jino ni changa, uwazi wa ndani haujajifunga, lakini limesagika kama la mzee. Haviendi pamoja. Alipuuzwa, nadhani kwa sababu hakuwa wa fani ya visukuku, na hilo linaniudhi hadi leo ninaposoma habari zake. Ndiye aliyeyajua meno kuliko wote waliokuwapo.

Nani alighushi, nani alikosea

Katika mazungumzo ya kawaida neno "kughushi" hurushiwa watu wote wa kisa hiki kwa pamoja, na ninadhani ni dhuluma. Kughushi kunahitaji mambo mawili yakutane: kitu kifanywe kionekane sivyo kilivyo, na mwenye kukifanya awe anajua na anakusudia wengine wakiamini. Smith Woodward alitengeneza sanamu ya kichwa ambacho hakikuwahi kuwepo. Ni uongo? Matokeo yake, ndiyo. Ameghushi? Hapana. Alikosea kwa moyo mweupe, na alilipa: baada ya kustaafu mwaka 1924 alihamia karibu na Piltdown ili aendelee kuchimba, akachimba kwa miaka bila kupata kitu, na alifariki mwaka 1944 akiwa bado anaamini.

Keith naye hakughushi, lakini kosa lake ni la aina nyingine. Yeye alikuwa na hadhi, na aliitumia kupima visukuku vingine kwa kipimo ambacho hakuwa amekikagua.

Jambo lingine huwachanganya wasomaji. Karibu kila kitu Piltdown kilikuwa halisi. Fuvu lilikuwa la mtu kweli, taya la orangutani kweli, meno ya tembo ni ya tembo kweli, na ya kale kweli. Hakuna plasta iliyofinyangwa ikaitwa mfupa. Kilichoghushiwa ni uhusiano kati ya vitu hivyo, na historia yao: kwamba vilikaa pamoja, hapa, tangu zamani hizo. Mikwaruzo ya tupa na rangi vilikuwa vya kuutetea uhusiano huo tu. Hata leo mtu anaweza kughushi kwa picha halisi iliyowekewa tarehe nyingine, au kwa sahihi halisi iliyohamishiwa waraka mwingine. Anayekagua kitu kimoja kimoja atasema kila kimoja ni halali, naye atakuwa amesema kweli.

Mtoto wa Taung

Mwaka 1924, wachimbaji wa chokaa huko Taung, Afrika Kusini, walitoa jiwe lenye fuvu dogo. Likamfikia Raymond Dart, mwalimu wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Lilikuwa la mtoto. Ubongo ulikuwa mdogo, wa kiasi cha sokwe. Meno yalikaribia ya binadamu. Na tundu ambalo uti wa mgongo hupitia lilikuwa limesogea mbele, dalili kwamba kiumbe huyo alitembea wima. Tarehe 7 Februari 1925 Dart alichapisha maelezo yake na kumwita Australopithecus africanus.

Sifa zake zilikuwa kinyume cha Piltdown, moja baada ya nyingine. Piltdown ina kichwa kikubwa na taya la sokwe. Taung ina kichwa kidogo na meno kama ya mtu. Haviwezi vyote viwili kuwa babu yetu wa zama za mbali. London ilikuwa imekwisha kuchagua. Keith, Smith Woodward na Elliot Smith, aliyekuwa mwalimu wa Dart mwenyewe, walimweka mtoto wa Taung upande wa sokwe.

Sitasema Piltdown ndiyo sababu pekee. Fuvu la mtoto hudanganya, kwa kuwa hata watoto wa sokwe wana sura ya kibinadamu kuliko wazazi wao. Umri wa tabaka haukujulikana. Dart aliandika kwa haraka. Na wengi walitazamia Asia kuwa chimbuko la binadamu, ingawa Darwin alikwisha kuandika mwaka 1871 kwamba yaelekea ni Afrika. Lakini kila mmoja wa wale waliomkataa Dart alikuwa na kipimo kichwani, na kipimo hicho kilipigwa tupa na mtu.

Mtafiti Robert Broom alianza kupata visukuku vya watu wazima wa jamii ileile huko Sterkfontein kuanzia 1936, na mwaka 1947 Keith aliandika kwamba Dart alikuwa sahihi naye alikosea. Namheshimu kwa hilo. Ila miaka 22 ni mirefu, na katika miaka hiyo fedha na umakini vingeweza kuelekezwa Afrika mapema zaidi. Mwaka 1938 Keith huyohuyo alizindua mnara wa kumbukumbu ya Dawson pale Piltdown.

Ugumu mwingine ulikuwa kuigusa mifupa yenyewe. Wengi walifanyia kazi nakala za plasta. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale aliyezaliwa Kabete, Kenya, alieleza baadaye kwamba aliruhusiwa kuitazama mifupa halisi kwa muda mfupi tu, kisha akarudishiwa nakala. Nakala ya plasta huonyesha umbo vizuri, lakini haionyeshi rangi iliyoishia juujuu wala kromiamu, na mikwaruzo ya tupa huonekana kama dosari ya plasta. Makumbusho haikuwa na nia mbaya, ililinda hazina. Kwa kuilinda hivyo, ilimlinda pia mghushi.

Majaribio

Mfupa uliozikwa hunyonya florini kutoka kwenye maji ya ardhini polepole. Mifupa iliyokaa pamoja muda mmoja hukaribiana kiasi. Mwaka 1949 Kenneth Oakley wa makumbusho ileile aliipima mifupa ya Piltdown na kukuta florini kidogo mno: isingeweza kuzidi miaka 50,000 hivi. Matokeo hayo yaliipokonya Piltdown nafasi yake katika ukoo wa binadamu, lakini yakaleta kitendawili kibaya zaidi. Sokwe mwenye kichwa cha mtu, akiishi Uingereza juzi tu?

Julai 1953, baada ya mkutano wa wanasayansi London, Joseph Weiner wa Oxford alilala na kitendawili hicho. Aliwaza hivi: kama si kiumbe mmoja, na si viumbe wawili waliokutana kwa bahati, basi taya liliwekwa. Na kama liliwekwa, magego yalisawazishwa. Alichukua gego la sokwe, akalipiga tupa, akalitia rangi. Likatoka kama la Piltdown.

Pamoja na Wilfrid Le Gros Clark, mtaalamu wa anatomia wa Oxford, na Oakley, waliifungua upya mifupa yenyewe. Taya lilipotobolewa kwa keekee, lilitoa harufu ya mfupa mbichi unaoungua. Nitrojeni yake ilikuwa ya mfupa usio na ukale. Mikwaruzo ilionekana chini ya hadubini. Chonge ilikuwa imepakwa rangi ya mchoraji. Tarehe 21 Novemba 1953 wakatangaza. Mwaka 1959 kipimo cha kaboni kilitoa umri wa miaka 620 hivi kwa fuvu na 500 kwa taya.

Kipimo cha florini kilikuja kutumika kwa mifupa hiyo miaka ya arobaini, sawa. Lakini tupa, keekee na lenzi vilikuwepo 1912. Kilichokosekana ni mtu aliyeruhusiwa kulishika lile taya huku kichwani ana wazo kwamba huenda limetengenezwa.

Dawson

Watuhumiwa wametajwa wengi mno, tangu Teilhard hadi Martin Hinton, mfanyakazi wa makumbusho. Mimi sioni haja ya orodha hiyo. Dawson ndiye aliyepata au kuwapo karibu kila kitu kilipopatikana. Yeye peke yake ndiye aliyejua mahali pa pili. Uchunguzi wa makusanyo yake mengine uliofanywa na mwanaakiolojia Miles Russell umeonyesha bandia nyingine zaidi ya 30, zikiwemo za miaka ya nyuma kabla ya Piltdown. Alitamani kuchaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya mashuhuri ya wanasayansi wa Uingereza, na hakuwahi kuchaguliwa.

Agosti 2016 timu iliyoongozwa na Isabelle De Groote ilichapisha uchunguzi wa vinasaba na picha za ndani ya mifupa. Meno ya shimo la kwanza na lile gego la mahali pa pili yanaelekea kutoka kwa orangutani mmoja. Ndani ya mifupa na meno walikuta changarawe ndogo zilizosukumwa na kuzibwa kwa kibandiko, ili uzito uwe kama wa kisukuku, na mtindo ni mmoja pote pawili. Mahali pa pili palipaswa kuwa ushahidi huru, na palitoka kwenye meza ileile ya kazi.

Dawson alifariki Agosti 1916. Smith Woodward aliendelea kuchimba Piltdown miaka mingi baada ya hapo, msimu hadi msimu, na zile changarawe hazikutoa tena hata kipande kimoja cha mtu wa alfajiri.